Alama za Chokaa

Machi 4

Walimu wenzangu wa chama chetu, mliniagiza katika kikao kilichopita niandike shajara ya msimu huu wa mvua, kisha niwasomee mvua zitakapokatika, mpate kusikia darasa la watu wazima linavyopumua. Nimekubali. Mume wangu husema kwamba mimi huhutubu hata ninapoomba chumvi, kwa hiyo msitarajie kwamba kalamu itanifundisha unyenyekevu.

Leo tumeanza. Darasa letu ni ukumbi wa kulia wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa, wakati wa mapumziko ya mchana. Ubao umeegemezwa kwenye dirisha la jikoni. Wanafunzi huja na mikono yenye rangi hadi viwiko: huyu zambarau, yule kijani. Wanaposhika chaki, chaki nayo hugeuka rangi. Meneja alifika kutufungulia kwa maneno mazuri. Alisema kusoma ni taa. Alipomaliza, alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wafundishe salamu na majina yao. Mambo ya stoo yana mwenyewe."

Sikumwuliza alimaanisha nini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikutaka kuwa mgeni wa kuleta homa siku ya kwanza.

Machi 6

Mawingu yamekaa juu ya kiwanda tangu asubuhi, hayanyeshi, hayaondoki. Darasa limejaa.

Machi 11

Leo nimemfahamu mwenye stoo. Jina lake halisi silijui. Wote humwita Bwana Alama, naye huitika kwa fahari.

Stoo yake ina mapipa ya plastiki ya buluu, yote sawa kwa kimo na unene, kama watoto wa mama mmoja waliovalishwa sare. Gari linapoyaleta, dereva humtajia kila pipa lina nini, naye Bwana Alama huchovya brashi katika chokaa na kulichora ubavuni. Mwezi mchanga ni dawa ya kupaushia vitambaa. Ngazi ni asidi. Jua ni sabuni nzito. Hachori kwa rangi ya mafuta kwa kuwa mapipa matupu hutakiwa kurudishwa yakiwa safi. Wafanyakazi wote, hata aliyeajiriwa jana, huzijua alama hizo, na huijua kanuni yake kuu, ambayo huikariri kama sala: "Mwezi na ngazi havilali chumba kimoja." Dawa ya kupaushia ikikutana na asidi, alinieleza, hutoka hewa inayounguza mapafu kama moto unavyounguza karatasi.

Niliona kwamba juu ya alama zake, kwenye bega la kila pipa, kuna maandishi yaliyochomoza katika plastiki yenyewe. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba maneno hayo yangefaa kuwa somo letu la kwanza. Kwa nini tuanze na "baba analima" kwa watu ambao mchana kutwa wanabeba asidi?

Alicheka. "Mwalimu, herufi zako ni maridadi, sikatai. Lakini alama zangu zinafanya kazi tangu wewe hujavunja ungo. Nani amewahi kuungua hapa? Mtaje."

Sikuwa na wa kumtaja.

"Basi," akasema. "Kizuri chajiuza."

Nilirudi ubaoni nikiwa nimeudhika. Nilimwona mtu wa giza, anayekaa mlangoni mwa maarifa ili wengine wasipite. Nayaandika haya kama nilivyoyafikiri leo, ili baadaye nisijipambe.

Machi 15

Mvua ya kwanza. Ya kistaarabu.

Machi 19

Niwajulishe mwanafunzi wangu mmoja, kwa sababu nampenda kuliko inavyompasa mwalimu kumpenda mwanafunzi. Ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Anaishi nasi, na ndiye mmiminaji wa dawa katika birika la saruji la kupaushia. Hakupelekwa shule, kaka yake alipelekwa. Hilo halizungumzwi nyumbani, lakini hukaa nasi mezani kila siku.

Leo jioni alikuwa akiandika jina lake kwenye mvuke wa kioo cha dirisha. Mume wangu akamtania, "Dada, sasa utasoma hata magazeti?"

"Magazeti ya nini?" Wifi akajibu. "Nikijua kusoma nitaanza na simu ya mkeo. Nataka kujua anakuitaje mkigombana."

"Ananiita mpenzi."

"Wifi, ni kweli hayo?" akanigeukia mimi.

"Soma kwa bidii, wifi," nikamwambia, "siku ukijua utajionea mwenyewe."

"Ona! Ndiyo maana hanifundishi upesi. Herufi tano kwa wiki kama dozi ya malaria!"

Tulicheka sote. Kisha, mume wangu alipotoka, aliniambia bila mzaha wowote, "Wifi, nimechoka kusomewa. Kusomewa ni kama kulishwa: tonge huchagui wewe." Nimekwisha kusikia hotuba nyingi juu ya kisomo duniani, na baadhi yake nimezitoa mimi mwenyewe. Sijasikia iliyolingana na hiyo.

Machi 27

Sasa mvua imevua adabu zake. Imenyesha siku nne mfululizo, na paa la stoo limeanza kuvuja kwa mistari mirefu. Nilipita mlangoni nikaona maji yakiteremka juu ya mapipa, na chokaa ikiteremka nayo. Miezi imekonda. Ngazi zimepoteza vipago. Pipa moja lililokuwa na jua limebakiwa na doa jeupe tu, kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Bwana Alama alikuwa akihamisha mapipa huku na huku, peke yake, akiyakwepesha matone. Nilimsikia akijisemea kwa sauti: "Hili lilikuwa pale. Lile lilikuwa karibu na mlango. Hapana. Hapana, hili."

Nilimwuliza kama anahitaji msaada.

"Wa kuzuia mvua?" akasema. "Kama unao, leta."

Machi 28

Mvua. Birika limesimama; wafanyakazi wamerudishwa nyumbani.

Aprili 2

Kuna furaha leo kiwandani. Paa limezibwa kwa mabati, na Bwana Alama amechora alama upya kwenye kila pipa. Miezi imenona, ngazi zimesimama wima, majua yana miale. Mama Pacha, mwanafunzi wangu mzito wa herufi lakini mwepesi wa maneno, alisimama mbele ya stoo akapiga kigelegele. "Bwana Alama, umezipamba kama bibi harusi!" Wote walicheka. Hata mimi nilimpongeza. Nilisema ni kazi safi.

Aliitikia kwa kichwa tu. Mtu anayependa sifa kama yeye, hakusema neno.

Aprili 5

Tumesoma sentensi nzima kwa mara ya kwanza. Ubaoni niliandika: Mtoto amesahau daftari lake mezani. Wifi akanyoosha mkono kabla ya wote, akasoma kwa sauti ya kutosha kiwanda kizima: "Mtoto amesahau daktari wake mezani."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mama Pacha alilala juu ya meza. "Jamani, huyo daktari alikuwa wa kukunja?" Hadi jioni Wifi alikuwa amekwisha kupewa jina: Daktari wa Mezani.

Naye alicheka, lakini hakuinua macho. Darasa lilipotawanyika nilimwambia, "Umebahatisha, wifi. Umeona mwanzo wa neno, mwisho ukautunga. Usibahatishe. Kama huna hakika, uliza."

Ni nasaha inayotolewa na walimu wote duniani. Nasi hapa tuliipitisha katika mtaala wetu kwa kura ya pamoja.

Aprili 9

Mvua imerudi, na safari hii haipigi kelele. Inanyesha kama mtu anayenong'ona mlangoni mwa jirani.

Wakati wa chakula cha jioni Wifi aliuliza, "Wifi, neno likisema hivi, na mtu mkubwa akisema vile, nani mkweli?"

Nilifurahi mno kwa swali hilo. Nilidhani ni swali la darasani. Nilimjibu kwa ufasaha. Nilisema kwamba maandishi ni ushahidi wa mbali na mtu ni ushahidi wa karibu, na kwamba mwenye hekima huvipima vyote viwili. Mume wangu alipiga makofi. Wifi akaendelea kula.

Sikumwuliza ni neno gani. Sikumwuliza ni mtu gani.

Aprili 11

Nitajitahidi kupanga mambo kwa utaratibu wake.

Nilifika getini karibu na adhuhuri nikiwa na kasha la chaki chini ya mwavuli. Kabla sijaona kitu, niliinusa harufu: kali, ya kukata, iliyoingia puani kama sindano na kukaa kooni. Kisha milango ya upande wa birika ikafunguka, watu wakatoka wakikimbia, wameziba nyuso kwa vitambaa vyenye rangi. Mmoja alipiga magoti kwenye matope akitapika. Nyuma yao ulitoka ukungu ambao sijapata kuuona, kati ya kijani na manjano, mzito, usiopanda juu kama moshi. Ulitambaa chini, ukishuka ngazi za mlango kama mtu asiye na haraka.

Niliita jina la Wifi. Hakuna aliyeitika. Mama Pacha alinishika kiuno. "Usiingie, Mwalimu! Usiingie, utaacha watoto!" Sina watoto, alikuwa akisema lolote linalomjia. Meneja alisimama mbali, karibu na gari lake, simu sikioni, akirudia, "Fungueni madirisha, fungueni madirisha," lakini hakuna aliyeweza kuyafikia madirisha.

Aliyeingia ni Bwana Alama. Alichukua gunia lililolowa mvua, akalizungusha kichwani, akatumbukia kwenye ukungu ule kana kwamba anaingia chumbani kwake. Tulimsikia akikohoa ndani, kikohozi cha mtu anayepasuka. Alitoka akimburuta Wifi kwa makwapa. Macho yake Wifi yalikuwa wazi lakini hayakutazama. Midomo ilikuwa na povu.

Nilidhani yamekwisha. Bwana Alama aliwatazama watu uani, mmoja mmoja, akauliza kwa sauti iliyokauka, "Mama Pacha yuko wapi?"

Mama Pacha alikuwa nyuma yangu, ameshika kiuno changu, uso wake umefichwa mgongoni kwangu. Alipoinua kichwa kuitika, mzee alikuwa amekwisha kurudi ndani kumtafuta.

Wazimamoto ndio waliomtoa.

Aprili 12

Hospitali. Wifi anapumua kwa mashine. Mvua.

Aprili 13

Vilevile.

Aprili 16

Wametoa mrija. Sauti yake imebaki mkwaruzo, kama kiatu kwenye changarawe. Mume wangu alimkataza kusema. Yeye akamwonyesha mlango kwa kidole, kama wanavyofanya dada wakubwa, naye kaka mtu akatoka. Ndipo aliponieleza, kwa vipande, akipumzika kati ya sentensi na sentensi, na mimi naviunga hapa.

Aprili 9 alikwenda stoo kuagiza dawa ya siku zilizofuata. Akiwa anasubiri, alianza kusoma bega la pipa, kwa mazoezi tu. Pipa lilikuwa na mwezi mnono. Kwenye bega aliona A. Akaona S. Akaendelea hadi mwisho, akarudia, akapitisha kidole juu ya herufi zilizochomoza, kwa kuwa hakuyaamini macho. ASIDI. Hiyo ndiyo siku aliyoniuliza mezani.

Aprili 11 birika lilikuwa na dawa ya kupaushia, ikatakiwa kuongezwa. Pipa lililoletwa lilikuwa lilelile. Wifi alimwita Bwana Alama.

"Mzee, shikamoo. Hapa pameandikwa asidi."

"Marahaba. Pameandikwa wapi?"

"Hapa begani."

"Na hapa ubavuni pamechorwa nini?"

"Mwezi."

"Nani aliuchora?"

"Wewe, mzee."

"Wewe umesoma kwa muda gani? Mvua moja hii? Si wewe Daktari wa Mezani?" Watu waliokuwa karibu wakacheka. Naye akaongeza, bila ukali, karibu kwa huruma: "Mwanangu, mimina. Mkono wangu haujawahi kuwadanganya."

"Nilikuwa nimesoma sawasawa, wifi?" aliniuliza kitandani.

"Ulisoma sawasawa."

"Nilijua." Alifumba macho. "Nilijua, na bado nikamimina."

Walimu wenzangu, sisi tumehesabu waliojua herufi, tumewapa vyeti, tumewapiga picha. Wifi yangu alikuwa na herufi zote tano za neno lile. Alichokosa ni ruhusa ya kujiamini mbele ya mtu anayeheshimika, na ruhusa hiyo haiko katika kitabu chochote tulichochapisha. Nilimfundisha kwamba asiye na hakika na aulize. Aliuliza. Aliuliza kwa adabu kamili, na shikamoo juu yake.

Aprili 20

Ukumbi wa kulia ulikuwa mtupu. Nilisimama mbele ya viti kwa mapumziko mazima. Mwishoni alikuja Mama Pacha, akabaki mlangoni.

"Wenzako wako wapi?" nikamwuliza.

"Mwalimu, usinichukie kwa nitakayosema."

"Sema."

"Watu wanasema kusoma ndiko kulikomponza. Zamani aliangalia alama, akamimina, akaenda zake. Tangu alipojua herufi mkono wake ukaanza kusita. Wanasema alisita, akamwaga vibaya."

"Pipa lilikuwa asidi, Mama Pacha. Angemimina haraka au polepole, ilikuwa asidi."

"Mimi najua. Lakini tangu tuwe na alama tu, hakuna aliyeungua. Zimekuja herufi, mtu kaungua. Watu wanahesabu hivyo." Akavuta kitambaa chake kichwani. "Meneja naye kasema hivyohivyo asubuhi. Kasema darasa lilimchanganya."

Alipokwenda niliona mlangoni mwa stoo mtu mwingine, kijana wa zamu, akichora miezi kwa chokaa. Nilimwuliza nani kamwonyesha kipi ni kipi.

"Zilizokuwepo nazipitia juu, Mwalimu," akasema. "Nazinenepesha tu."

Nilikwenda kwa Meneja na ombi kwamba kila pipa lisomwe kabla ya kuchorwa. Alinikaribisha kiti. Alisema atalitafakari.

Aprili 21

Nimekwenda tena. Hayupo.

Aprili 22

Nimechukua chaki nikaandika mwenyewe kwenye kila pipa, herufi kubwa. Nilikuta mawili yenye mwezi ubavuni na ASIDI begani; nilipoomba yatolewe, kijana alisema hana amri. Kufikia jioni maandishi yangu yalikuwa yamepanguswa. Chokaa imebaki.

Aprili 25

Nimemzuru Bwana Alama wodini. Jicho moja halioni, na la pili linaona vivuli. Alinitambua kwa sauti.

"Mwalimu wa herufi."

"Ndiyo, mzee. Pole sana."

"Binti yuko vipi?"

"Anatembea."

Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati, na muuguzi akapita, akarekebisha shuka, akaenda. Kisha mzee akasema, "Alama zilipofutika nilikaa na mapipa yale siku nzima. Nilijaribu kukumbuka. Dereva alikuwa mbali. Nikawaza, nikimwita mtu anisomee, watajua."

"Watajua nini, mzee?"

"Usinitese. Unajua."

Nilikuwa nimejua tangu aliposema "watajua". Mtu yule niliyemdhania mlinzi wa mlango wa maarifa alikuwa amesimama nje ya mlango huohuo maisha yake yote, mgongo kwenye ubao wake, ili asiulizwe kwa nini haingii. Angeweza kuwaita watu kumi wenye herufi. Badala yake alichora kwa kumbukumbu, na alichora vizuri mno. Alama zilizofutika zingemtahadharisha kila mtu. Alama mpya zilimpa kila mtu usingizi.

"Waambie," alisema nilipoinuka. "Wale walimu wako. Waambie ni mimi. Lakini waambie pia niliingia."

Uliingia, mzee. Nawaambia.

Mei 3

Mvua inaelekea kukatika, wanasema. Sijaona dalili.

Mei 8

Wifi amerudi nyumbani. Hawezi kupanda ngazi za mlango bila kusimama katikati. Mume wangu amemkataza kurudi kiwandani. Amesema kwa sauti, amesema kwa upole, amesema kupitia kwangu.

"Kaka yangu ana hofu," Wifi alisema. "Mwache. Hofu yake ni ya upendo."

"Na wewe huna?"

"Ninayo. Lakini yale mapipa mawili bado yapo, wifi. Mama Pacha kaniambia."

Mei 14

Amerudi. Haruhusiwi kumimina; amepewa kukunja vitambaa. Wakati wa mapumziko hakuja ukumbini. Nilimkuta stoo, amesimama mbele ya pipa, akisoma bega lake kwa sauti ya changarawe: "A. Si. Di." Kisha la pili. Kisha la tatu. Mama Pacha alikuwa kando yake, mikono kiunoni.

"Mbona linasema asidi na lina mwezi?" Mama Pacha akauliza.

"Ndilo swali," Wifi akamjibu. "Rudia hilohilo, lakini kwa sauti."

Akarudia kwa sauti. Mama Pacha ana sauti. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama. Kijana wa zamu alitoka na brashi mkononi, chokaa ikimdondokea kiatuni, akabaki ametumbua macho.

"Tangu leo," Wifi alisema, "pipa halifunguliwi mpaka watu wawili wamelisoma. Mmoja akisema sijui, halifunguliwi."

"Kwa amri ya nani?" kijana akauliza.

"Ya mapafu yangu."

Hakuna aliyecheka. Mapipa yale mawili yalivingirishwa nje siku hiyohiyo, na kijana ndiye aliyeyavingirisha. Darasa letu limehamia stoo.

Mei 17

Viti havitoshi. Wanakalia magunia.

Mei 23

Mvua imenyesha usiku kucha na bado inanyesha. Asubuhi limekuja gari la msambazaji mpya; yule wa zamani, Meneja alituambia, amekatisha mkataba tangu habari za Wifi zilipomfikia. Mapipa mapya, yaliyopangwa kuanzia mlango wa stoo hadi ndani, ni meusi, yamefungwa kwa kamba. Karatasi zake za majina zote zimebanduka kwa maji njiani. Zimebaki gundi na nyuzi za karatasi. Maandishi yaliyochomoza begani yapo.

Wanafunzi wangu waliyazunguka kwa shauku, kama watu waliotayarishiwa karamu. Vidole vilinyooshwa. Kisha vidole vikasita, kimoja baada ya kingine.

"Mwalimu," Mama Pacha akaita, "hizi ni herufi gani?"

Nikasogea. Herufi zile zilijikunja na kuning'inia kutoka kwenye mstari wao wa juu, zikafungana moja na nyingine. Ni maandishi ya watu wa mbali, mazuri ajabu. Mahali fulani duniani mtoto wa darasa la kwanza angeyasoma akiwa anatafuna mkate. Mimi sikujua neno linaanzia wapi wala linaishia wapi.

Nilimwuliza dereva. "Mimi nimepewa kuleta," alisema, "sikupewa kusoma."

Meneja alifika, mwavuli juu. "Mmesimama nini? Birika linasubiri."

"Hatujui kilichomo," Wifi akasema.

"Si kuna Mwalimu hapa? Mwalimu, wewe ndiye msomi. Wasomee."

Wote walinigeukia. Walimu wenzangu, nimesimama mbele ya umati mara nyingi, na daima nimekuwa na neno. Hata sasa neno lilikuja: ulimi wangu ulikuwa tayari kusema kwamba pipa la kwanza bila shaka ni sabuni, kwa kuwa ni zito, na kwa kuwa wanafunzi wangu walikuwa wananitazama na Meneja alikuwa anatabasamu. Nilielewa wakati huo, kwa mwili mzima, jinsi brashi ilivyokuwa nzito mkononi mwa mzee yule siku ile, na jinsi ilivyokuwa rahisi kuchora.

"Sijui kusoma," nikasema.

Mama Pacha alishusha kidole chake.

"Hujui?" Meneja aliuliza.

"Maandishi haya, sijui kuyasoma."

Wifi alivuta pumzi, ile pumzi yake mpya inayopiga mluzi. "Mmesikia," akasema. "Halifunguliwi."

"Basi mnuse!" Meneja akasema. "Watu wa kazi hii mnajua kila kitu kwa harufu. Fungueni kidogo, mnuse."

"Mimi nimenusa tayari," Wifi akamjibu.

Meneja hakubishana. Aligeuka, akatazama getini, walikosimama kwenye mvua wale wanaokuja kila asubuhi kutafuta kibarua. Walikuwa wengi leo. Walikuwa wamelowa, na wanatutazama kwa makini, kwa sababu walishaona kwamba huenda nafasi imepatikana. Meneja akainua mkono, akaanza kuwaita, wawili, watatu, akawaonyesha stoo. Hakumwuliza yeyote kama anajua kusoma.

Wifi alilikaribia pipa la kwanza, akashika ukingo wake, akapumzika, kisha akajipandisha na kuketi juu ya kifuniko. Mama Pacha akakalia la pili, pipa likalia chini yake. Wakafuata wengine, kila mmoja na lake, mikono yao ya zambarau na kijani imeshika kamba. Wale wa getini walikuwa wamekwisha kuvuka nusu ya ua.

Niliweka chini kasha la chaki, nami nikakalia langu. Nilitazama huku na huku kwenye safu zile nyeusi, hadi kule mwisho ambako mwanga haukufika. Mapipa yalikuwa mengi kuliko sisi.